Dakika Tano za Mwisho: Kitendawili na Mji Wake

Kwa miaka mingi kipindi cha somo katika shule za msingi za Tanzania kimepangiwa dakika 30 kwa darasa la kwanza na la pili, na dakika 40 kuanzia darasa la tatu. Katika andalio la somo, hatua ya mwisho ni hitimisho, na aghalabu hatua hiyo humezwa na kunakili zoezi kutoka ubaoni. Hoja ya mhadhara huu ni kwamba, katika somo la Kiswahili, dakika hizo yafaa zirudishwe kinywani mwa mtoto. Chombo cha kazi hiyo tunacho tayari, ila tumekikata mkia.

Tuanze na hesabu. Darasa lenye watoto 60, kila mmoja akisema kwa sekunde 5 tu, dakika 5 zimekwisha, na hapo hatujahesabu muda wa kusimama na kuketi. Wakikaa wawili wawili, mmoja akasema kwa dakika mbili na mwenziwe vivyo hivyo, kila mtoto hupata mara 24 ya muda ule, na dakika moja humbakia mwalimu. Kelele zitakuwapo, mwalimu mkuu apitaye barazani hana budi kuzizoea.

Chombo nilichokitaja ni kitendawili. Mtegaji husema, “Kitendawili!” Mwenziwe huitika, “Tega!” “Nyumba yangu haina mlango.” Mteguaji akishindwa, huombwa mji, naye hutoa, tuseme, Tabora. Ndipo mtegaji husimulia safari yake kabla ya kutoa jibu: “Nilikwenda Tabora, nikapokewa vizuri, nikala wali, nikanywa maji, nikarudi. Jibu ni yai.”

Sehemu hiyo ya mji ndiyo tuliyoikata. Vitabuni na katika mitihani ya kumaliza darasa la saba, kitendawili kimekuwa swali lenye jibu moja la kukariri, na mtoto ajuaye “yai” huhesabiwa kuwa amefuzu hata kama hakutunga sentensi yoyote. Kwa mtazamo wa ufundishaji lugha, huko ni kutupa nyama na kutafuna kamba. Masimulizi ya mji humdai mtoto aanze na -li- na kuendelea na -ka-, na hapo ndipo penye utelezi: husemwa “nilikula” na “nilikunywa”, lakini “nikala” na “nikanywa”, kwa kuwa vitenzi vya silabi moja hubaki na ku- baada ya -li- na kuiacha baada ya -ka-. Mtoto aliyezoea kusema “nikakula” hatarekebishwa na jedwali la ubaoni kwa wepesi ule ule wa kusafiri mara kumi kwa mwezi, kila safari na mji mwingine. Isitoshe, kushindwa hapa hakuleti aibu: aliyeshindwa hutoa mji, wala hachapwi.

Kitendawili hicho hicho hutumika pia kwa upatanisho wa ngeli. Mwalimu huagiza, “Wingi!” na darasa hujibu, “Nyumba zangu hazina milango.” Akibadili nyumba kuwa chumba, watasema, “Chumba changu hakina mlango,” kisha, “Vyumba vyangu havina milango.” Hapa lugha ya nyumbani ina uzito wake. Mtoto wa Kisukuma huja shuleni na ngeli zake. Linalomtatiza ni umbo la viambishi. Mtoto wa Kimaasai huja na lugha yenye jinsi, ya kike na ya kiume, na kwake mfumo wenyewe ni mgeni. Huyu wa pili asidaiwe mbio za mwenziwe. Apewe ngeli moja kwa juma zima.

Mchezo wa sokoni, ambamo kila mmoja huongeza kitu kipya katika orodha (kikapu kipya, viatu vipya, jembe jipya), nao hufaa, ingawa hauvuki watoto wanane kabla kumbukumbu haijachoka. Kwa hiyo uchezwe katika vikundi vidogo.

Makosa yasikatizwe wakati wa mchezo. Mwalimu ayanukuu, achague moja, na kulitumia katika ile dakika yake iliyobaki. Na kengele ikilia kabla mji haujatolewa, kitendawili na kilale: watoto watakitegua njiani, na utangulizi wa kipindi cha kesho utakuwa umekwisha kuandaliwa.