"Ndiyo" yetu si "yes" yao kila mara

Majuzi mtahini mgeni alimuuliza mwanafunzi wangu wa uzamili: "Haven't you read this book?" Akajibu, "Yes." Mtahini akaelewa kwamba amekisoma, akamtaka aeleze sura ya pili. Kijana wa watu akaduwaa. Alikusudia kusema hajakisoma!

Kosa hili limezagaa, na chanzo chake ni mazoea ya Kiswahili. Ukiulizwa "Hujala?" nawe kweli hujala, utajibu, "Ndiyo, sijala." Hapo "ndiyo" inaafiki kauli ya muulizaji. Katika Kiingereza sivyo. Maneno "yes" na "no" hufuata kitenzi cha jibu lenyewe, muulizaji aulize atakavyo. Kitenzi kikiwa yakinishi, tangulia na "yes". Kikiwa kanushi, tangulia na "no". Kwa hivyo "Yes, I haven't" ni kosa, sahihi ni "No, I haven't."

Utalitambuaje kosa hili? Usikomee kwenye neno moja, kamilisha jibu. Neno la kwanza likigongana na kitenzi, libadilishe.

Je, wewe hujawahi kujikwaa hapo? Ukinijibu "ndiyo", basi niongezee kitenzi nikuelewe.