MANENO MADOGO YA KIINGEREZA NA KAZI YA MTU

Tuseme mfanyakazi wa kiwanda kimoja mjini Dar es Salaam amekabidhiwa barua fupi ya Kiingereza. Imeandikwa humo kwamba kuanzia mwisho wa mwezi yeye ni "laid off". Shuleni alifundishwa kuwa "lay" ni kulaza au kuweka, na hilo "off" alijua vizuri, maana kila siku yake ya mapumziko huwaambia jirani zake, "Leo niko ofu." Basi aikunja barua, aitia mfukoni, na kurudi nyumbani akiamini kwamba amepewa mapumziko. Kumbe kazi imekwisha.

Mtu huyu hatumcheki hata kidogo. Amefanya kama alivyofundishwa: kufasiri neno moja moja, kisha kujumlisha. Lakini vitenzi vya Kiingereza havijumlishwi kama shilingi. Chukua "put", yaani kuweka. "Put off" ni kuahirisha; "put out" ni kuzima moto; "put up with" ni kuvumilia; "put in for" ni kuomba, kama vile likizo au uhamisho. Mtu akiambiwa "give up" hakupewa kitu wala hakuna kilichopanda juu, ameambiwa aache. Neno "up" lenyewe aghalabu halina habari na juu, bali laonyesha kwamba jambo limetimia: "use up" ni kutumia mpaka kikaisha.

Sisi nasi tunafanya kazi hiyo hiyo, ila twaifanya kwa mkia wa kitenzi: funga, fungua, fungia, fungana, fungisha. Mkia wetu umegandamana na neno lake, hauachani nalo. Waingereza huliacha neno lao dogo litembee. Waweza kusema "turn down the request", yaani kulikataa ombi, au "turn the request down". Lakini ukitumia "it", sharti ikae katikati: "turn it down". Kinyume chake, "look into", yaani kuchunguza, haikubali kugawanywa. Husemwa "look into it" tu. Sababu ni kwamba katika "turn down" neno dogo ni mali ya kitenzi, na katika "look into" limeshika jina linalofuata. Mfano wa kupendeza ni huu: "ran up a hill" ni kupanda kilima mbio, na "ran up a bill" ni kulimbikiza deni. Herufi moja tu ndiyo iliyobadilika. Deni laweza kuingizwa katikati, "ran a bill up", lakini kilima hakiwezi.

Wala si wageni wa leo tu wanaotaabika. Samuel Johnson, alipotoa kamusi yake mwaka 1755, alikiri katika dibaji kwamba jambo hili ndilo linalowapa wageni taabu kubwa kabisa. Mwaka 1930 C. K. Ogden alitoa Kiingereza chepesi cha maneno 850, chenye vitenzi 18 tu, na mwaka 1943 Churchill alikisifu hadharani. Twakiri tulitabasamu tulipoitazama orodha ile. Vitenzi vimepunguzwa, ndiyo, lakini kazi yote imetupiwa maneno madogo: badala ya kitenzi kimoja cha kuingia, sema "go in", badala ya kusalimu amri, "give up". Mgeni adhani amebeba mzigo mwepesi, kumbe kila kitenzi kina watoto kumi mgongoni.

Na shule zetu huongeza shida. Mwanafunzi hukaririshwa "postpone", "tolerate" na "extinguish", maneno ya asili ya Kilatini yanayopendeza katika mtihani. Akifika kazini, msimamizi husema "put off", "put up with" na "put out", naye husimama kama mtu aliyeteremshwa kituo kisicho chake.

Turudi kwa ndugu yetu mwenye barua mfukoni. Hata aliyesoma sana hana budi kuuliza, kwa kuwa katika sheria za kazi za Uingereza "lay off" ni kusimamishwa kwa muda kazi inapokosekana, na Marekani siku hizi aghalabu ni kuipoteza kazi kabisa. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yamtaka mwajiri ahakikishe kwamba maelezo ya ajira yaliyoandikwa, mfanyakazi asipoyaelewa, yanaelezwa kwa namna anayoielewa. Ni jambo jema, lakini hayo ni maelezo ya kuanzia kazi, na barua iliyo mfukoni ni ya kuimaliza.

Kwa hiyo aende leo hii kwa mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, nao wamwulize mwajiri kwa maandishi, kwa Kiswahili: je, nitarudi, na nitarudi tarehe gani? Ikiwa tarehe haipo, ajue kwamba malalamiko ya kuachishwa kazi isivyo halali yapaswa kufika mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi katika siku 30, na kwamba siku hizo zilianza kuhesabiwa alipoachishwa, yeye akiwa nyumbani akidhani yuko ofu.