Mbegu Zinazongoja Jembe

Ploti ya Matisi, pembezoni mwa mji wa Kitale, haikai uchi. Mwenyewe akichimba msingi mwezi wa tatu kisha pesa zikamwishia, kufikia Juni hapaingiliki: kishonanguo kimefika kiunoni, managu na terere zimestawi kando ya taka, na datura, yaani mnanaha, imebeba matunda yake ya miiba juu ya rundo la samadi.

Anayekatiza hapo huondoka na mbegu. Ya kishonanguo ni nyembamba na nyeusi, ina vijiti viwili au vitatu nchani, na kila kijiti kina vimiiba vilivyoelekea nyuma. Vikishaingia kwenye suruali, kuvitoa ni kazi ya jioni nzima.

Hakuna aliyeipanda mimea hii. Mbegu nyingi za magugu ni ndogo mno, hazina akiba ya kusukuma chipukizi kutoka chini kabisa, kwa hiyo hungoja ishara. Ndani yake mna protini iitwayo fitokromu, ambayo hubadilika ikipigwa na mwanga. Jembe likipindua bonge la udongo, mmweko mfupi tu huweza kuziamsha. Palizi yenyewe, basi, huotesha magugu mapya.

Subira hiyo imepimwa. Mwaka 1879, William Beal alifukia chupa 20 za mbegu na mchanga huko Michigan, Marekani. Moja ilipofukuliwa mwaka 2021, baadhi ya mbegu ziliota.

Si mbegu zote za kuchezewa. Mwaka 2019 huko Karamoja, Uganda, mamia ya watu waliugua na 5 wakafariki baada ya kula unga wa msaada ulioingiwa na sumu ya jamii ya datura.

Alizeti mwitu, mzaliwa wa Meksiko na Amerika ya Kati, ni habari nyingine. Watafiti wa magharibi mwa Kenya waliligeukia gugu hili miaka ya 1990 wakakuta majani yake makavu yana nitrojeni takriban asilimia 3.5, na yakifukiwa huoza upesi. Mbolea ya bure? Karibu. Majaribio mengi yalitumia tani 5 za majani makavu kwa hekta. Yakiwa mabichi hizo ni zaidi ya tani 20 za kukata na kubeba. Kwa shamba la mahindi hesabu hiyo inakataa. Kwa kitalu cha sukuma nyuma ya nyumba, ua wa alizeti mwitu watosha, mradi ukatwe kabla haujatoa mbegu.