KONOKONO: CHAKULA CHA WENGINE, KICHEKO CHA WENGINE

Mvua zimeanza, na kila asubuhi konokono wakubwa wanaonekana kwenye migomba na kwenye nyasi za kando ya njia. Jirani mmoja anaokota anaweka kwenye ndoo, jirani mwingine anatema mate. Mwezi huu tumeona tuzungumze juu ya jambo hili, kwa sababu limeanza kuleta maneno hata shuleni.

Wanaokula ni nani?

Hapa Kyangwali tumetoka sehemu nyingi. Wenzetu waliotoka misituni, upande wa Ituri na Kisangani, konokono kwao ni mboga tangu zamani. Wanaojua Kilingala wanamwita mbembe, na sokoni anauzwa kama samaki anavyouzwa. Ukienda Ghana, Nigeria na Cameroon, konokono mkubwa ni nyama ya heshima. Hata Wafaransa, watu wenye pesa zao, wanampika kwa siagi na kitunguu saumu. Kwa hiyo si chakula cha watu wa porini wala cha watu waliokosa akili.

Kuna wengine hawali, na wana sababu zao. Waadventista wanafuata kitabu cha Mambo ya Walawi sura ya 11. Waislamu wengi pia hawali. Wengine hawakumzoea tu. Hiyo ni haki yao, hakuna wa kuwalazimisha.

Shida iko kwa watoto. Darasani kwetu mtoto wa kike wa darasa la nne aliitwa "mla konokono" mpaka akaacha kuja shule wiki mbili. Tulipokwenda kumwona, mama yake alituuliza: "Walimu, mimi niwape watoto nini?" Swali lile lilitunyamazisha. Wote tunakumbuka posho ilivyopunguzwa mwaka 2020, ikapunguzwa tena 2021, na mwaka 2023 tukagawanywa kwa makundi, familia nyingine zikatolewa kabisa. Mama anayetafutia watoto wake mboga asichekwe.

Faida yake

Gramu 100 za nyama ya konokono zina takriban gramu 16 za protini, na mafuta ni kidogo sana. Ina pia madini ya chuma, yanayosaidia kuongeza damu. Kwa mtoto anayekula bugali na majani peke yake kila siku, hicho si kitu kidogo.

Namna ya kumtayarisha

Tuliwauliza mama zetu wanaojua kazi hii, wakatueleza hivi:

1. Okota konokono wakubwa wa nchi kavu walio hai. Ukimgusa, anajikunja ndani. Asiyejikunja au anayenuka, mtupe.
2. Mfungie kwenye ndoo yenye kifuniko cha matundu siku mbili au tatu. Mpe unga kidogo wa mahindi au majani safi. Konokono anakula hata majani yenye sumu kwa mtu, basi lazima tumbo lake lisafike kwanza.
3. Mwoshe kwa maji, kisha mtumbukize kwenye maji yanayochemka. Akishaiva kidogo, mtoe kwenye gamba kwa mwiba au kijiti.
4. Kata utumbo, ile sehemu laini na nyeusi ya nyuma, uitupe. Inayoliwa ni nyama ngumu ya mbele.
5. Sugua nyama kwa chumvi na ndimu. Ukikosa ndimu, tumia majivu. Suuza mara tatu au nne mpaka ute wote uishe.
6. Chemsha tena mpaka ilainike. Halafu kaanga kwa mawese, kitunguu, nyanya na pilipili. Kula na bugali au muhogo.

Magamba usiyatupe ovyo. Yachome, yatwange, uchanganye kidogo kwenye chakula cha kuku. Yana kalisi, yanasaidia maganda ya mayai kuwa magumu.

Hatari tusizozidharau

Kwanza, konokono mbichi au asiyeiva asiliwe hata kidogo. Katika nchi nyingi konokono wanabeba minyoo wanaotoka kwa panya. Minyoo hao wakiingia mwilini wanaweza kufika kwenye ubongo na kuleta ugonjwa mbaya sana. Moto unawaua. Kwa hiyo chemsha vizuri, nawa mikono kwa sabuni baada ya kuwashika, na osha mboga za majani ambazo konokono wamepita juu yake. Watoto wasiwachezee na kuweka vidole mdomoni.

Pili, usiokote kwenye choo, kwenye jalala, wala kwenye shamba la mahindi lililopigwa dawa ya viwavi. Sumu ile inabaki ndani ya konokono, na kuchemsha hakuitoi.

Tatu, hili tunawaomba wazazi mlisikie vizuri. Wale konokono wadogo wa majini si wa kuokota. Tumesikia watoto wanashuka majini kuwatafuta. Ndani ya konokono hao ndimo wanamokulia vijidudu vya kichocho, kisha wanatoka na kumwingia mtu kwa ngozi akiwa ndani ya maji. Ziwa Albert lina kichocho kingi. Mtoto akikojoa damu, au akiharisha damu na kuumwa tumbo, mpelekeni kituo cha afya, dawa ipo.

Nne, mwenye kuvimba au kubanwa kifua kwa sababu ya vumbi la nyumbani au kamba wa majini awe mwangalifu, konokono anaweza kumletea shida hiyohiyo.

Na msitu wa Bugoma ni hifadhi ya serikali. Tusiingie kuokota bila ruhusa tukajiletea kesi.

Kuwafuga

Wengine wanauliza kama inawezekana kuwafuga. Inawezekana. Unahitaji sanduku lenye udongo laini wenye unyevu, kivuli, na majani ya mapapai au ya viazi vitamu. Konokono mmoja mkubwa anaweza kutaga mayai zaidi ya mia kwa mara moja. Lakini funika vizuri sana, maana wakitoroka watamaliza mboga za jirani, na hapo ugomvi utakuwa wa haki.

Kwa kumaliza, tunawaomba wazazi mzungumze na watoto nyumbani. Asiyekula konokono asimcheke anayekula, na anayekula asimtegee mwenzake kwa kumficha ndani ya mboga. Yule mtoto wetu wa darasa la nne amerudi shule. Tungependa akae mpaka amalize.

Sisi walimu wenu wa kujitolea.