Kutoa tezi ya shingo ao kuibakisha: hesabu yangu mbele ya kisu

Ndugu zangu wa lisansi, na ninyi wadogo zetu mungali kwenye auditorio, wengi wenu munanijua kama mtu wa mahindi na mbolea. Leo niko na habari ingine. Niko na maladi ya Basedow, na waganga wameniambia nichague: kuendelea na vinini, ao kupasuliwa na kuondolewa tezi yote. Nimesoma, nimeuliza, nimepiga hesabu. Ninaandika ili mwenye kukutana na swali hili kesho asianzie kwenye giza.

Tiroide ni tezi ndogo mbele ya koo, umbo lake sawa kipepeo, uzito karibu gramu 20. Inachukua iodi kutoka chakula, inatengeneza homoni zinazopanga mwendo wa mwili: moyo, joto, tumbo, usingizi, siku za mwanamke. Tezi ingine chini ya ubongo njo inaiongoza kwa ujumbe unaoitwa TSH. Homoni zikiwa nyingi, TSH inashuka. Zikiwa chache, TSH inapanda. Ni sawa valve ya maji kwenye mfereji wa kumwagilia.

Katika Basedow, kinga ya mwili inakosea. Inatengeneza antikori zinazoshika mahali pa TSH na kusukuma tezi bila kusimama. Valve inabaki wazi, shamba linazama. Moyo unakimbia hata ukiwa umekaa, mikono inatetemeka, unakula bukari vizuri na bado unakonda, joto linakuchoma wakati wengine wamevaa triko. Kwa wengine macho yanatokeza. Mganga Graves aliiandika Dublin mwaka 1835, na von Basedow aliiandika Ujerumani mwaka 1840; kwetu kwa juu ya Kifaransa tunashika jina la huyu wa pili. Inashika wanawake kuliko wanaume, mara nyingi katika umri wa kuzaa.

Hapa mama mukubwa aliniuliza: si ni juu ya sombe na muhogo? Swali ni la akili, na mtu wa kilimo lazima alijibu vizuri. Muhogo mchungu usioloweshwa sawasawa unaacha sianidi. Mwili unaigeuza kuwa tiosianati, na hiyo inazuia tezi kuchukua iodi. Kule kisiwa cha Idjwi, ndani ya ziwa Kivu, watafiti walionyesha ginsi muhogo na ukosefu wa iodi vinaenda pamoja kuleta goita. Lakini goita ile ni ya tezi yenye njaa. Yangu ni tezi inayosukumwa. Shingo inaweza kuvimba namna moja, sababu ni mbili tofauti, na dawa ni tofauti. Kwa hiyo chumvi ya iodi haiponyeshi Basedow, na kuacha sombe pia haiponyeshi. Na hakuna aliyeniloga.

Njia ziko tatu.

Ya kwanza ni vinini vinavyofunga kiwanda, kama karbimazoli, kwa miezi 12 hadi 18. Karibu nusu ya wagonjwa ugonjwa unarudi kisha kuacha. Mimi niko katika nusu ile: nilimaliza miezi 18, na baada ya muda mfupi moyo ukaanza tena mbio. Vinini hivi viko na hatari moja chache lakini kubwa: vinaweza kumaliza askari wa damu. Ukiwa unavimeza, ukapata homa na koo kuuma, acha kinini na upimishe damu siku ile ile. Tena, mwanamke anayetaka mimba lazima aongee na mganga mbele, maana karbimazoli inaweza kuharibu mtoto katika miezi ya kwanza.

Ya pili ni iodi ya mionzi. Unaimeza, tezi yenyewe inaivuta, mionzi inaichoma polepole. Gail Devers, mkimbiaji wa Marekani, alitibiwa hivyo, na mwaka 1992 alishinda mita 100 kule Barcelona. Ni njia nzuri. Lakini inaomba kungoja miezi kama 6 mbele ya mimba, inaweza kuzidisha ugonjwa wa macho, na kwa mtu wa Koni ni safari ya nchi za watu. Macho yangu yameanza kutokeza. Njia hii nimeiweka pembeni.

Ya tatu ni kisu. Tezi yote inatoka, homoni nyingi zinakwisha, na goita kubwa inaacha kufinya koo. Hatari zake ni mbili za kujua kwa jina. Nyuma ya tezi kunapita mshipa wa fahamu wa sauti. Ukiumia, sauti inakwaruza ao inapotea. Tena kuna tezi ndogo 4 zinazolinda kalsiumu. Zikiumia, vidole na midomo vinapata ganzi, misuli inakazana. Katika mikono yenye mazoea, sauti inaharibika kabisa kwa karibu mtu 1 kati ya 100, na kalsiumu inabaki chini kwa watu 1 hadi 3 kati ya 100. Mazoea njo neno kubwa pale. Kazi yangu ni kusimama mbele ya wakulima 40 katikati ya shamba na kusema. Sauti kwangu ni jembe. Ndiyo maana nitamuuliza mpasuaji bila haya: tezi ngapi unatoa kwa mwaka?

Na hakuna kupasuliwa wakati homoni ziko juu. Dhoruba ya homoni kwenye meza inaweza kuua. Kwanza vinini na propranololi ya kutuliza moyo, mara nyingi na matone ya Lugol siku kama 10 za mwisho. Mwenye kukuambia "njoo kesho tukate" bila analizi, toka.

Sasa hesabu iliyonikalisha usiku. Theodor Kocher, mpasuaji wa Bern, alipata tuzo ya Nobel mwaka 1909 kwa kazi ya tezi hii. Lakini mwaka 1883 yeye mwenyewe alitangaza kwamba wengi wa wale aliowatoa tezi yote walirudi wakiwa wamevimba, wazito, akili polepole. Kisu kilifanya kazi yake vizuri. Homoni njo ilikosa. Mwaka 1891 mganga Murray wa Uingereza alimpa mgonjwa wa namna ile dawa ya tezi ya kondoo, na mama yule aliishi miaka 28 zaidi.

Kwa hiyo, kupasuliwa ni siku moja; kinini cha levotiroksini ni kila asubuhi hadi kufa. Swali langu la kweli ni hili: je, niko Koni, kando ya Lufira, nitakipata kila mwezi? Kipimo cha kuanzia ni karibu mikrogramu 1.6 kwa kilo; kwangu, kilo 60, ni kama 100 kwa siku. Kinamezwa na maji, tumbo tupu, nusu saa hadi saa moja mbele ya chai. Feri na kalsiumu zingoje saa 4. TSH inapimwa kisha wiki 6. Dawa haipendi joto, basi si ya kuweka juu ya kabati chini ya mabati.

Nimefanya kama mkulima anavyofanya na mbegu: akiba inawekwa kwanza, kula kunafuata. Nimepata farmasi mbili, moja Likasi na moja Lubumbashi, zenye kuuza boksi zima lenye tarehe. Nimeweka feza ya vinini vya miezi 6 pembeni ya feza ya operesheni. Yaya yangu wa Likasi atanipokea siku za analizi. Jambo moja tena nimeliandika kwenye karne yangu: hata tezi ikitoka, antikori zinaweza kubaki na kuvuka kwa mtoto tumboni. Nikipata mimba, mganga ajue siku ya kwanza.

Hesabu imekamilika, na jibu langu ni kisu. Nitaenda Lubumbashi kiangazi, mahindi yakishavunwa. Kama akiba ya vinini ingekosa, ningebaki na karbimazoli, hata kwa miaka. Hiyo pia ni njia halali, si uoga.

Wewe mwenye moyo unaokimbia bila sababu na nguo zinazolegea, usingoje shingo ivimbe. Omba TSH. Ni damu kidogo tu, na inafungua mlango wa kuchagua.