Moshi wa Ekzosi na Oili Inayopungua
Katika barabara ya Embu hadi Meru, inayopanda na kushuka mabonde ya Mlima Kenya, injini yenye tabo, yaani feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili kuisukumia injini hewa zaidi, hufanya kazi nzito, na kasoro zake hujitokeza kwa rangi ya moshi. Moshi mweusi huonyesha kwamba mafuta yamezidi hewa. Mweupe usiokoma huweza kuashiria maji ya rejeta yanayovuja ndani ya silinda. Wa buluu ni oili inayoungua.

Gari linapofikishwa kwa fundi, iwe mtaani Dallas mjini Embu au kwingineko, tabo isihukumiwe kabla ya uchunguzi. Moshi wa buluu unaotoka asubuhi kisha ukatoweka huelekeza kwenye sili za vali, ilhali unaozidi mlimani huelekeza kwenye ringi za pistoni, ambazo hukaguliwa kwa kupima mgandamizo. Oili ikijaa kwenye mpira wa hewa utokao kwenye tabo, shafti yake, inayoweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, ikaguliwe kama imelegea, pamoja na bomba linalorudisha oili, kwani likiziba, hata tabo mpya itavuja.