Saratani ya Mapafu: Kwa Nini Kinyama Kipimwe?

Sisi wauguzi huulizwa mara kwa mara wodini: “Sista, mmekwisha kutuambia ni saratani ya mapafu. Kwa nini tena daktari anataka kukata kinyama?” Wengine humrudisha mgonjwa nyumbani, wakiamini kuwa saratani ikiguswa na chuma husambaa. Mwezi huu tulieleze jambo hili.

Juu ya kila chembe hai ya mwili kuna vipokezi. Kipokezi ni protini inayofanya kazi kama kengele ya mlangoni: mjumbe akiibonyeza, chembe hupata amri ya kukua na kugawanyika. Kipokezi kimoja huitwa EGFR. Mjumbe wake aligunduliwa na Stanley Cohen wa Marekani, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1986. Katika baadhi ya saratani za mapafu kipokezi hiki kina hitilafu: kengele hulia bila mjumbe, na chembe huzaliana ovyo.

Mwaka 2004 wataalamu waligundua kwamba wagonjwa wenye hitilafu hiyo ndio hasa waliopata nafuu kwa vidonge vya gefitinibu. Ndugu yake, erlotinibu, iliingizwa mwaka 2019 katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Vidonge hivi huinyamazisha kengele. Haviondoi kabisa ugonjwa uliokwisha kusambaa, lakini huuzuia kwa muda na kumpa mgonjwa pumzi. Asiye na hitilafu hiyo hutibiwa kwa dawa nyingine.

Eksirei haiwezi kuonyesha tofauti hii, kinyama huionyesha. Kukikata kunaweza kuleta damu kidogo au hewa kuvuja kifuani, na kwa hiyo mgonjwa huangaliwa kwa karibu. Hatari ya kusambaza saratani ni ndogo mno.

Tena, hitilafu hii hupatikana zaidi kwa wasiovuta sigara. Basi tusiseme, “Mama hajavuta kamwe, haiwezi kuwa saratani.”

Kikohozi kikizidi wiki mbili, twende hospitali. Anayetumia dawa za kifua kikuu bila kupata nafuu asiziache, bali arudi kwa daktari achunguzwe upya. Na kinyama kikikatwa, familia iulize: je, kinaweza kupelekwa kupimwa EGFR? Si kila hospitali ina kipimo hicho, lakini kuuliza kunaweza kubadili matibabu ya mgonjwa wetu.